Mwalimu Mwenye Mapacha

Mdogo wangu Maduhu,

Huku hatujambo. Mvua zimeanza, Kulwa na Doto wamepona surua, na mama anauliza kama huko chuoni mnapata ugali wa mtama.

Tasnifu yako imefika. Watu wanaitoa nakala stesheneri ya Runzewe. Umeandika vizuri kwamba elimu bila malipo imewaachia wazazi mzigo wa madawati, na kwamba walimu tuliowaunga mkono wazazi walipogoma kuchanga tunazibwa midomo. Jina langu umelificha, kama ulivyoahidi. Halafu ukaandika: “mwalimu mmoja, mama wa mapacha.”

Chuo kimekusahaulisha kwetu? Wanangu walipozaliwa, kijiji kizima kilicheza ngoma ya mapacha, na wewe ulicheza. Wakubwa wa elimu hawakuhitaji hata kuuliza mwalimu huyo ni nani. Jumatatu naripoti shule ya mbali walikonihamishia, na watoto nawaacha kwa mama.

Hongera kwa shahada. Umeniomba nikutafutie walimu wengine wa kuwahoji. Nimewauliza wote wanne. Wamesema hawana la kusema.

Liandike na hilo.

Dada yako,
Mama Kulwa