Siku Nilizokula Peke Yangu

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Buhare tu wazima. Babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani. Unauliza kama kidonge cha iodini utakachomeza kitamdhuru mwanao.

Mimi nilikimeza ujanani, baada ya kukatwa tezi ya shingo yenye saratani. Kidogo vile, kikazunguka mwili mzima kikitafuta mabaki ya tezi tu. Hadi leo nashangaa. Ila mionzi yake hutoka mwilini mwako kwa siku kadhaa, na humdhuru mtoto ukimkumbatia.

Nyumbani tulikula sinia moja. Nilipoomba sahani yangu, mama mkwe akauliza, “Siku hizi unatuonaga wachafu?”

Nikamweleza kuwa hata mate yangu yana mionzi. Akambeba mama yako, wa miaka miwili, akasimama naye ng'ambo ya ua. Mtoto akalia, akaninyooshea mikono. Sikwenda.

Siku zilipotimia, nilimbeba hadi mikono ikafa ganzi. Muulize daktari siku zako ni ngapi.

Bibi yako