Cheni Kutoka kwa Mama Mkwe

Jumapili, 4 Oktoba 2009

Mke wangu Rispah ameenda kwa mama yake, Bungoma. Na sanduku la bluu. Na ni haki yake!

Jana tulikuwa tunatoka mji wa Kwanza kwa pikipiki, yeye nyuma, keki ya harusi ya kanisani kwa mapaja. Cheni ikaruka. Gurudumu likakwama, sisi wote mtaroni. Mimi nikaangukia nyasi. Rispah akaangukia keki.

Alipoinuka, krimu hadi kwa nyusi, mume wake alikuwa wapi? Alikuwa amepiga magoti, anapapasa tanki la mafuta kama limebonyea. Tukafika nyumbani, Kibomet. Hapo mlangoni ndipo Rispah aliponiambia kwamba atarudi siku pikipiki itakuwa na cheni ya watu, si hii ya kufungwa na waya.

Waya ulishika mwezi mzima. Hilo nalo hakuna mtu anasifu.

Jumanne, 6 Oktoba

Kimeli, tunayepaki naye kwenye steji ya bodaboda, anasema ninunue cheni peke yake. Sproketi, yale magurudumu ya meno cheni inapopita, ni chuma, ati chuma hakizeeki. Amesema kwa sauti ya daktari, nami nikaamini kama mgonjwa.

Nimenunua sokoni Kitale, nimeifunga mwenyewe. Inang'aa! Wikendi nitamfuata Rispah.

Ijumaa, 9 Oktoba

Simfuati mtu. Cheni mpya inaruka kuliko ile ya zamani. Kila kilima — kak! kak! kak! Mwalimu mmoja niliyembeba leo aliuliza kama nimeficha posho mill ya kusaga unga chini ya kiti. Akashuka kabla ya kufika kwake.

Nimeichunguza vizuri. Meno ya sproketi ya nyuma yamelala upande mmoja, makali kama msumeno. Cheni mpya itakaa wapi hapo? Kimeli akasema nipake oili chafu iliyomwagwa kutoka injini. Nikapaka! Vumbi la Kwanza likaja lote likakaa. Sasa nina ugali mweusi kutoka mbele hadi nyuma.

Mimi na Kimeli, sijui nani mjinga zaidi. Yeye angalau ana mke nyumbani.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimeuliza kila fundi. Wote wanataja duka moja la seti ya kuaminika ya cheni na sproketi: lile la spea, Bungoma, karibu na reli.

La mama mkwe.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja. Kwenye harusi yetu nilimwona kisigino tu. Sasa huyu ndiye niende kumwambia, shikamoo mama, nilimwangusha binti yako juu ya keki, je, una sproketi?

Nikituma mtu, ataleta kitu kisicho cha pikipiki yangu. Itabidi niende.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimeenda! Niandike kabla sijasahau.

Waliniweka ua wa nyuma, kwenye stuli, uso ukutani. Mama mkwe yuko dukani, pazia katikati. Anayetumwa ni Gichuki, fundi wake. Gichuki ni mtu wa Nyeri na hii mila yetu inamfurahisha kupita sinema.

"Gichuki, mwulize huyo mtu sproketi yake ya nyuma ni meno ngapi."

Nimesikia. Niko hatua nne! Lakini nangoja Gichuki atembee, apige pazia, anikoholee.

"Anauliza meno."

"Thelathini na mbili," nikasema. Kubahatisha tu.

"Hayo ni ya mdomo wake!" mama akasema, Gichuki hata hajageuka. "Mwambie aende ahesabu. Na alete hiyo cheni yake niione."

Nikahesabu. Arobaini na mbili. Cheni ikapelekwa imefungwa gazeti, maana hakuna aliyetaka kuishika. Kisha nikasikia mama akisema kwamba kufunga cheni mpya kwa meno mazee ni kulaza mgeni kitanda cha kunguni. Vitu vyote vitatu vinabadilishwa pamoja: cheni, sproketi ya mbele, sproketi ya nyuma. Asiyetaka aende kwa Kimeli wake. (Kimeli amemjulia wapi? Rispah!)

Gichuki akafunga seti. Amri zikaja kupitia pazia: kila Jumamosi niioshe na mafuta ya taa na mswaki mzee, niipanguse, ndipo nitie oili mpya upande wa ndani, kidogo. Cheni ilegee kiasi cha vidole viwili. Na nipime mtu akiwa amekaa nyuma, kwa sababu pikipiki ikibebeshwa cheni hukaza.

"Mwambie arudi baada ya siku kumi. Nitakagua mwenyewe."

Kuhusu Rispah hakuna neno. Nilipokuwa naondoka nikasikia mtu anacheka ndani. Mama na binti wana sauti moja, sikuweza kujua ni nani. Nikaomba Mungu iwe ni Rispah.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimeosha cheni. Pingili moja moja, saa nzima. Nilitafuta mswaki mzee nikapata mmoja bafuni, wa kijani. Nilipomaliza, ulikuwa mweusi kama makaa, ndipo nikakumbuka mswaki wangu ni mwekundu.

Kumbe Rispah aliuacha wake. Mtu anayehama kabisa haachi mswaki. Nilifurahi kwa dakika moja nzima, kisha nikautazama tena mkononi.

Jumatano, 21 Oktoba

Hadi Kwanza na kurudi, mara nne. Hakuna kak hata moja. Pikipiki kimya, nyumba kimya. Hiki cha pili siwezi kukizoea.

Jumamosi, 24 Oktoba

Bungoma. Niko kwenye stuli yangu, uso ukutani. Nimebeba daftari leo, kwa sababu huu ukuta hauna stori. Mfukoni nina mswaki mpya, wa kijani.

Gichuki ametoka kununua chai. Mama ameingia uani, yuko nyuma yangu na pikipiki. Anazungusha gurudumu. Tik-tik-tik. Anasimamisha. Anakohoa. Hana wa kumtuma.

"Wewe pikipiki."

Haki ya Mungu, anaongea na pikipiki!

"Wewe pikipiki, mwambie anayekuendesha cheni ni safi, nimekubali. Lakini mwulize: siku ile mlipoanguka, alikimbilia nani kwanza?"

Sikuwa na pa kutazama ila saruji.

"Pikipiki," nikasema, "mwambie mama nilikukimbilia wewe. Nilikosa. Ningemshika Rispah kwanza. Mwambie nyumba haikaliki bila yeye."

Slipa zinaenda ndani. Slipa zinarudi — za mtu mmoja au wawili?

Springi za nyuma zimelia. Kuna mtu amekaa kwa kiti! Nasikia cheni ikiguswa, vidole viwili, juu, chini. Kama ni Rispah amekaa, nimepona. Kama ni mama mwenyewe ameamua kuijaribu hii cheni yake, nitapitaje mjini na yeye mgongoni?

"Washa twende," sauti inasema. Ile moja yao. "Na usigeuke."

Naandika na mkono mmoja. Mwingine uko mfukoni, unatafuta ufunguo, unapata mswaki tu, unautoa, na mkono wa kike unaunyakua kutoka nyuma: "Wa kijani. Umekumbuka wangu."