Fimbo ya Ng'ombe na Antena ya Kalundu

Kalundu, 28 Aprili 2024

Mutoni binti yangu,
Pokea salamu zilizolowa mvua. Minye niko na nguvu kupita vijana. Mama yako, miguu bado inakataa. Huko Bujumbura muko wazima? Ziwa limefika ukuta wa jikoni. Nyuma, ile antena ya telefone imeinama upande wetu kama mulevi, na njia ya kutoka ni moja, inapita chini yake. Jirani Eugène anasema ikianguka itatufikia. Minye nasema hapana. Weye unatumika kazi na wajenzi, nitumie chombo cha kupima urefu.
Baba yako

Bujumbura, 2 Mei

Baba mpendwa,
Nafurahi uko na nguvu. Chombo cha hapa ni cha patron, bosi wangu, hakitoki. Tafuta kipande cha mti kinacholingana na mkono wako, kutoka jicho hadi ngumi. Simama mlangoni, nyoosha mkono, mti usimame wima juu ya ngumi. Tazama kwa jicho moja: antena ikizidi ncha ya mti, itafika nyumbani. Muhame siku hiyo hiyo.
Binti yako

Kalundu, 6 Mei

Mutoni,
Tunapumua. Nimepima na fimbo yangu ya ng'ombe, ile niliyoshuka nayo milimani. Imepita antena mbali. Hatuhami.
Baba yako

Bujumbura, 8 Mei

Baba,
Salamu kwa mama. Ile fimbo inakufika begani! Hata mlima itaufunika. Kamata mti mufupi, tafadhali.
Binti yako

Kalundu, 19 Mei

Mutoni,
Tuko wazima. Sikutaka kujibu. Fimbo iliyochunga ng'ombe wote wale, niibadilishe na kijiti?
Eugène akamusomea mama yako barua yako. Akaomba mwiko wa bugali, akaulinganisha na mkono wake, akapima akiwa amekaa pale mlangoni. Akaniambia, “Muzee, antena inazidi. Itanikuta kitandani. Fimbo yako iache ichunge ng'ombe.”
Tulimukalisha kwenye kiti, tukamubeba na fimbo chini yake, Eugène huku, minye kule. Tukapita chini ya antena, yeye amekamata mwiko wake. Fimbo haikuvunjika. Hiyo usiisahau.
Sasa tuko kiwanja cha kanisa na watu wengi. Hapa iko mnara wa kengele. Kabla ya kutandika mukeka nilimuomba mama yako apime na mwiko wake. Mnara ulizidi. Tukasogea mpaka ukuta wa mwisho.
Bado unazidi.
Baba yako