Vidonge Vyekundu vya Zena

Jumatatu, 13 Aprili 1953. Marui.
Mvua tangu alfajiri. Nyumba ishirini na mbili tu leo. Kidonge, kikombe cha maji, fungua mdomo, inua ulimi, weka alama kwenye daftari. Mzee mmoja aliuma kidole changu makusudi, akacheka. Chupa yangu ina alama nyekundu. Kondo, dresa mwenzangu, msaidizi wa daktari kama mimi, aliye Chole, ana chupa yenye alama ya bluu. Moja ni dawa ya homa. Nyingine ni chokaa. Ipi ni ipi hatujui, wala Daktari hajui. Siri iko kwenye bahasha yenye lakiri, imefungiwa kabatini bomani Kisarawe.
Mke wangu Zena yuko Chole kwa mama yake. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, ndiyo ada. Mimba ina miezi sita sasa. Nami nimekatazwa kukanyaga Chole mpaka kazi iishe. Nimehesabu: bado siku mia moja na ushei.

Jumamosi, 18 Aprili
Daktari alikuja na gari, likakwama kwenye tope, tukalisukuma. Baadaye nilimuuliza kwa nini kijiji kizima kimezeshwe chokaa. Hakukasirika. Alisema, "Shomari, masika yakiisha homa hupungua yenyewe. Tukiwapa wote dawa, tutaisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na jua."
Nikauliza kwa nini basi sisi tufichwe.
"Ukijua, macho yako yatajua pia. Utamwona mgonjwa mzima na mzima mgonjwa."
Na kwa nini dresa wa kijiji kimoja asiende kingine? Watu watalinganisha, alisema, na vidonge vitaanza kuhama. Niliitikia. Niliona ni maneno ya watu wasio na mtu Chole.

Jumatano, 29 Aprili
Nimemkumbuka Zena vibaya. Si uso wake. Sauti yake akikwangua sufuria. Harufu ya mafuta ya nazi kichwani. Jinsi anavyoita jina langu kwa kulivuta mwisho nikichelewa kuamka. Tulikaa pamoja Mlandizi mwaka mmoja tu, mimi nikifanya kazi ya zahanati, ndipo nikahamishiwa huku. Watu wa huku walikwisha pimwa damu na bandama kabla sijafika. Nilikabidhiwa daftari na chupa, basi.
Chole si mbali. Mwendo wa asubuhi moja. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa Tabora ningetulia.

Jumamosi, 2 Mei. Kisarawe.
Tumepeleka vioo vya kupimia damu bomani, mimi na Kondo. Mtu mwema, mcheshi, anapenda ugoro. Aliniletea salamu za Zena na mihogo ya kuchoma, imepoa lakini nikaila yote. Nikamuuliza hali ya huko.
"Homa, bwana. Kila nyumba ina mtu kajifunika. Watoto ndio usiseme."
Marui sina wagonjwa kumi. Nilimwambia. Tukatazamana.
"Basi mimi nagawa chokaa," Kondo alisema, akacheka. Mimi sikucheka. Mke wangu anameza kutoka chupa yake.

Alhamisi, 7 Mei
Kondo alinipa kidonge kimoja cha bluu. Leo nimekilamba, kisha nimelamba chekundu. Vyote vichungu sawasawa. Wametengeneza kwa akili. Ulimi haujui.
Lakini mimi nina macho. Marui wazima, Chole wagonjwa. Hata asiyesoma angejibu. Nimejiuliza swali hilo kila siku tangu Jumamosi na jibu ni lile lile.

Ijumaa, 15 Mei
Mfungo umeanza. Vidonge sasa nagawa baada ya futari.
Nimefanya. Sitaki kulizungusha. Nimechukua vidonge vinane vyekundu, kimoja kwa wiki, vitamfikisha hadi kujifungua. Kuna familia imehamia shambani kwao tangu mwezi jana. Kwenye majina yao nimeweka alama kana kwamba wamemeza. Vidonge nimevifunga ndani ya barua, nikampa Bi Mgeni, mama anayepeleka vyungu Chole. Nimeandika: Vya Kondo vifiche chini ya shavu, uvitoe akiondoka. Umeze hivi. Usimwambie mtu, hata mama.
Nilidhani nitaogopa. Moyo umepoa. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke nimemfanyia mke wangu jambo.

Jumapili, 24 Mei
Barua ya Zena. Kaandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa chuoni, mistari imepanda mlima. "Nimekusikia mume wangu. Nameza vyako. Vya Kondo natemea majivuni. Mtoto akisikia kinu anapiga mateke, nadhani atakuwa mtu wa kula." Kisha salamu za watu wengi. Kisha mwishoni, peke yake: "Futari hainogi."
Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Ningempa mtu miaka mitatu ya umri wangu nifuturu na Zena siku moja, uji na tende tu, tusizungumze hata.

Jumamosi, 6 Juni
Mvua imekatika. Mbu bado. Marui homa chache. Kila jioni nikiona watoto wa huku wanakimbia, nafsi inaniambia, umefanya vyema. Nimekonda. Mwenye nyumba yangu anasema ni mfungo. Si mfungo.

Jumanne, 16 Juni
Idi imepita. Nilikula pilau ya watu, nikashukuru, nikarudi kulala mchana kama mgonjwa.
Leo Bi Mgeni kaja mikono mitupu, hakukaa. Zena ana homa siku ya tatu. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Hatambui watu.
Nilisimama na kikombe mkononi. Nikasema haiwezekani. Nilisema kwa sauti, Bi Mgeni akanishangaa. Kisha nikaacha daftari na chupa kwa mwenye nyumba, nikatoka. Marufuku na yabaki marufuku.

Ijumaa, 19 Juni. Chole.
Mtoto amezaliwa jana kabla ya adhuhuri. Wa kiume. Hakulia. Nilimshika. Alikuwa na nywele nyingi na kucha kamili, hakupungukiwa na kitu ila pumzi. Wazee walimzika upande wa kisima cha zamani. Kondo alichimba nami, bila neno hata moja la mzaha.
Zena yu hai. Homa imeshuka kwa sindano aliyopigwa na Kondo. Niliingia, mama mkwe akatupisha. Zena aliangalia dari. Kisha akasema, polepole, kama anayenituliza mimi:
"Nilimeza vyako tu. Sikukosa hata wiki moja."
Nikamshika mguu juu ya shuka.

Jumatano, 1 Julai. Marui.
Nimerudi. Daktari alipata habari za msiba, akanisamehe kwenda Chole, akanipa mkono. Hajui lingine. Nilimtazama machoni, nikasema ahsante bwana. Najichukia.
Kidonge, maji, fungua mdomo, inua ulimi. Mkono unafanya kazi peke yake.
Zena amebaki kwa mama yake mpaka apate nguvu. Ndivyo walivyosema. Hakuniaga kwa jina.
Nawaza jambo moja tu. Dawa gani hii, inawalinda watu wa Marui na kumwacha mke wangu? Labda ilichelewa. Labda Bi Mgeni aliiloanisha njiani. Natafuta wa kumlaumu, nalala na huyu, naamka na yule.

Jumamosi, 25 Julai. Kisarawe.
Leo wamevunja lakiri. Tulikuwa wanne chumbani: Daktari, karani wa boma, Kondo, mimi. Daktari alisoma kimya, kisha kwa sauti.
Bluu ni dawa. Nyekundu ni chokaa.
Kondo aliguna. Nikasema, lakini bwana, Chole walikuwa wanaumwa, Marui wazima. Nilisema kwa ukali ambao haukuwa adabu.
Daktari akafungua daftari lingine, nisilowahi kuliona, la kabla ya vidonge. Marui ni mwinuko wa mchanga, maji hayatuami. Chole wanalima mpunga bondeni, wanalala na mbu mlangoni. Miaka yote Chole huugua kuliko Marui. Mwaka huu pia wameugua kuliko Marui, ila kwa uchache kuliko walivyozoea. Marui wamebaki vile vile walivyokuwa. "Hatulinganishi Chole na Marui tu," alisema. "Tunalinganisha Chole ya leo na Chole ya jana, na Marui ya leo na Marui ya jana. Ndipo tunaangalia nani amesogea."
Kitu chepesi. Mtoto wa darasa la nne angeelewa. Niliona vijiji viwili, sikuuliza vilianzia wapi.
Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi za bomani.

Jumapili, 26 Julai. Kisarawe.
Nimemwambia Daktari yote. Barua, vidonge vinane, majina ya familia iliyohama. Nilisimama, alinikalisha. Uso wake ulikuwa mwekundu, kalamu akaiweka chini kwa uangalifu mno. Alinipa daftari langu na rula. Nikapiga mstari juu ya kila alama ya uongo, pembeni nikaandika sababu, nikatia sahihi. Kila mstari. Ilichukua saa nzima.
Kisha nilimuuliza. Nikauliza mara mbili.
"Bwana Daktari, nimemuua mwanangu?"
Akalifunga daftari langu.
"Sijui. Nawe hutajua. Wapo wanawake Chole waliomeza bluu kila wiki, wakaugua, wakaharibikiwa. Wapo wasiomeza kitu, wakajifungua salama. Dawa inapunguza, haiondoi. Naweza kukwambia habari za watu mia. Mtu mmoja hawezi kunijibu."
Nilitamani anitukane. Tusi lingekuwa na mwisho.
Halafu jambo la daftari la Chole. Nilidhani jina la Zena litafutwa au lipelekwe upande wa nyekundu. Akasema hapana. Linabaki kwenye bluu, pale ilipomweka shilingi iliyorushwa mwanzoni kuchagulia vijiji rangi. Ukianza kuwahamisha watu baada ya kujua yaliyowapata, alisema, unaweza kulifanya daftari liseme lolote unalotaka. Ataandika pembeni kwamba alibadilisha vidonge. Lakini msiba wake utahesabiwa upande wa dawa.
Yaani mwanangu, asiye na jina, ataandikwa kama lawama juu ya dawa ambayo mimi ndiye niliyemnyima. Nimelielewa. Nimelielewa vizuri kuliko jambo lolote nililofunzwa, na sina pa kuliweka.
Kazi ya utafiti nimeondolewa. Hakupeleka shauri kwa wakubwa. Alisema nirudi kwetu nikapumzike, na mwakani, nikitaka, niombe zahanati.

Jumatano, 29 Julai. Chole.
Sasa hakuna marufuku. Nimekuja kwa miguu, mchana kweupe.
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Yuko uani."
Zena alikuwa anachagua mchele. Amekonda mabega. Nilikaa chini, si kwenye kigoda, nikamwambia. Vyangu vilikuwa chokaa. Alivyokuwa akitemea majivuni ndivyo vilikuwa dawa. Nilimwambia pia alichosema Daktari, kwamba hakuna ajuaye. Sikukificha, wala sikukitumia kujifunika.
Vidole vyake havikusimama. Punje, kijiwe, punje. Nilifikiri hakusikia.
"Uliniambia nisimwambie mama," alisema mwishowe.
"Ndiyo."
"Mama angeniuliza, Shomari ni nani wa kuijua dawa kuliko walioileta?" Akapepeta ungo. "Mimi sikuuliza. Nilifurahi tu kwamba umenikumbuka."
Akalia hapo, bila sauti. Nilinyoosha mkono, akausogeza, si kwa hasira. Akasema nitangulie kwetu Kwala. Yeye bado. Nikauliza mpaka lini. Akasema hajui, nisimhesabie siku.

Jumatatu, 17 Agosti. Kwala.
Nyumba ya marehemu baba. Panya, na ukuta wa magharibi umeliwa na mvua. Nimechanganya udongo, nimekandika mpaka usawa wa kifua. Jirani alinisaidia kubeba miti. Akaniuliza mke yuko wapi, nikasema kwao, anapata nguvu.
Sijaandika barua. Niliianza mara mbili. Kila sentensi ilikuwa inaomba kitu.

Alhamisi, 3 Septemba
Hakuna habari. Lori la Mlandizi limepita saa nne, halikusimama. Kondo alituma salamu kwa mtu: Zena anatoka sasa, anakwenda shambani, juzi alionekana akicheka na dada zake. Nimefurahi. Nimefurahi kweli, na pia nimekaa chini.
Jioni nimeezeka upande wa jikoni. Makuti yametosha. Nimefagia, nimemwaga maji sakafuni vumbi litulie, nimekaa mlangoni. Upepo kidogo. Ndani kuna baridi nzuri sasa, akija. Siku sihesabu.