Kwako Uliyesema Sifanyi Kazi

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Salamu nitakupa, maana nimelelewa. Natumaini hujambo huko Dar es Salaam. Sisi huku Lushoto ni wazima, ukungu umetanda tangu alfajiri na jiko la mkaa liko mlangoni linanipasha miguu wakati nakuandikia. Ujumbe wako wa simu nimeupata. Umesema umesikia mambo yangu yamenyooka, kwamba unanikumbuka, na kwamba siku ile ulisema uliyoyasema kwa ajili ya kunilinda. Hilo la kunilinda ndilo lililoninyanyua kitini. Ningeweza kukujibu kwa simu yakaishia hapo, lakini wewe hukunisema faraghani. Ulinisema mbele ya watu, na watu wakayabeba mpaka sokoni. Basi na jibu langu alisome kila anayejua kusoma.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Ulikuwa ukishuka na lori la kabichi na karoti kwenda Kariakoo, na safari moja ulirudi na kompyuta mpakato umeiviringisha kwenye magunia matupu, umeipakata njia nzima tangu Mombo kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa ya mtumba, imetoka Ulaya kwenye kontena pamoja na mafriji na baiskeli, maana enzi hizo kila kitu kiliruhusiwa kuingia na kila mtu alikuwa anauza kitu. Kitufe kimoja kilikuwa kimeng'oka. Ukaiweka mezani kwetu ukasema, "Haya, usije ukasema sikukununulia jembe." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu ile shida ya mtandao. Kampuni za simu ndiyo kwanza zilikuwa zinagombania milima yetu kusimika minara, na kila moja ilijitapa kwamba inashika kila kona ya nchi. Nyumbani kwetu haikushika hata moja. Ilishika kule juu, kwenye jiwe lililo mpakani mwa shamba la mjomba wako, na mimi nilipaswa kupanda huko kila nikimaliza kazi ili niitume. Ulikuwa ukinisindikiza. Siku moja manyunyu yalitukuta pale juu na kazi ilikuwa imefika nusu kwenda. Ulishika mwavuli ukaielekezea kompyuta, wewe mwenyewe ukalowa mpaka shati likakuganda, na kila nikikuambia usogee unasema, "Angalia jembe lako." Nilikupenda siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba siandiki kwa chuki.

Na kazi yenyewe uliijua kuliko mtu yeyote. Watu walio mbali wanajirekodi wakizungumza, wananitumia ile sauti, mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno, nairudisha, nalipwa. Kulikuwa na mwanasheria wa Kanada. Kulikuwa na mama mmoja wa Ireland aliyekuwa akihoji wazee wa kijijini kwao. Na kulikuwa na yule daktari wa mifugo wa New Zealand, ambaye alitoka zizi hili kwenda lile huku akiongea na kinasa sauti chake, upepo unavuma, kondoo wanalia, naye anasema kwato, kwato, kwato. Huyo wewe ulimpenda. Ukaniita katibu muhtasi wa kondoo. Ukija kwetu, ukishamaliza kumwamkia mama, swali lako la kwanza lilikuwa, "Kondoo wameamkaje?" Hata sasa nikiliandika nimetabasamu, na nimejichukia kidogo kwa kutabasamu.

Kisha hedifoni zangu zikaharibika. Kupata nyingine ilikuwa mpaka Tanga au Dar, na mteja hasubiri, basi nikafungulia sauti wazi. Kwa wiki kadhaa majirani walisikia sauti ya mwanamume chumbani kwa binti wa watu. Anaongea Kiingereza, anasema jambo, ananyamaza, halafu analisema tena vilevile, kwa kuwa mimi nilikuwa nairudisha nyuma ili nilipate neno. Na mlango nimeufunga kwa sababu ya baridi. Nani angefikiria kondoo? Wenzako wa stendi, wale mliokuwa mnapakia nao mboga, wakaanza kukutania kwamba mchumba wako amefuga mzungu kabatini. Mimi nilicheka. Wewe ulirudi umenuna.

Hapo ndipo ungesema kweli. Ulikuwa unaijua yote, umelowa mvua kwa ajili yake. Badala yake ulikwenda kwenu ukawaambia nimeajiriwa halmashauri, nakaa dirisha la pili, nina meza yangu. Mimi hukuniambia. Nilikuja kujua pamoja na wilaya nzima.

Shangazi yako Mwajuma alifurahi mno kupata mkwe mwenye meza. Aliamka akapika makande, akayajaza kwenye hotipoti, akachuma mapeasi, akavaa kanga mpya na kupanda gari kwenda Lushoto mjini amwone mkwe wake kazini. Dirisha la pili akamkuta kijana mwenye ndevu. Wakampeleka ardhi, wakampeleka kilimo, wakampeleka afya. Kila alikoingia aliulizwa jina la mtumishi, akalitaja kwa fahari, nao wakatazamana. Mwisho mlinzi akamwambia, "Mama, huyo mtu hapa hayupo, na hajawahi kuwepo." Alirudi na hotipoti imejaa. Kwetu, mwanamke kurudi na chakula alichompelekea mkwe, unajua mwenyewe watu husema amekataliwa. Alipita na hotipoti ile mbele ya nyumba zote.

Ulikuja kwangu jioni yake na nikadhani umekuja kuomba radhi. Ukasema, "Nimeongea na mtu pale ofisini. Watakupokea ujitolee. Hakuna mshahara, ila utakuwa na meza. Ni mpaka tufunge ndoa tu."

Nikakuuliza, "Na kazi yangu?"

"Si utakuwa unafanya kimyakimya."

Nilikukatalia, na sababu nilikupa. Baba yangu alikuwa na meza. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha chai upande wa Bumbuli, tai shingoni, funguo za kabati kiunoni, na watu walimwamkia njiani kwa sababu ya zile funguo. Kiwanda kilipobinafsishwa, wenye mali wapya walikuja na makarani wao, na baba akarudi nyumbani na tai yake. Alikaa barazani miaka akiamini wataona umuhimu wake na kumwita. Kila gari likipunguza mwendo barabarani alinyoosha kola. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai pale barazani, kwa hiyo wewe hukuwa mtu wa kunifundisha habari za meza.

Nikakuomba jambo moja. Siku ya posa, wakikuuliza ninafanya nini, waambie ninachofanya. Nilikuambia kabisa kwamba wakinikataa kwa kazi yangu nitaumia, lakini wewe ukinikana sitaolewa nawe. Ulikubali. Uliapa.

Siku ilifika. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na mama, kati yetu na ninyi kuna pazia tu. Kwa kawaida kijana haulizwi kitu, wanazungumza wakubwa, lakini baada ya mambo ya halmashauri baba yako mkubwa alitaka kusikia kutoka kinywani mwako. Hakuwa mkali. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua: "Huyu binti anafanya kazi gani?"

Nilikusikia ukikohoa. Kisha ukasema, "Hafanyi kazi, baba. Alikuwa na vitu vyake vya kompyuta, ameshaacha. Yupo nyumbani tu."

Mama alinishika mkono. Nikautoa. Nikapita pazia nikaingia kwa wazee, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi, nikapiga goti nikawapa shikamoo mmoja mmoja, nao wakaitikia marahaba huku wanashangaa. Nikasema, "Nafanya kazi. Kuna watu wako mbali, wanazungumza, mimi nawasikiliza na kuandika wanayosema. Wananilipa. Sijaacha, na siachi."

Baba yako mkubwa akamgeukia baba yangu amkanye mtoto wake. Baba, yule yule wa tai na funguo, akasema, "Mmemsikia." Wewe ulikuwa unatazama mkeka. Mliondoka chai ikiwa bado ya moto, na tangu siku hiyo sijakuona tena kwa macho.

Sasa unasema ulikuwa unanilinda. Unilinde na nini? Na wazee wenu? Niliwaamkia nikasema nao, hawakuning'ata. Na maneno ya watu? Maneno yaliongezeka, maana mtu akisikia binti alitungiwa ofisi ya uongo hudhani anachokificha ni kibaya kweli. Ulijilinda wewe na utani wa stendi. Uliona haya kuoa mwanamke ambaye kazi yake inahitaji kuelezwa. Sema hivyo, nitakuheshimu zaidi. Lakini usinivishe mimi koti la woga wako halafu ungoje nikushukuru kwa joto.

Nililia, usidhani mimi ni jiwe. Nililia huku naandika habari za kwato, maana kazi ilikuwa inangojwa, na yule daktari hakuwa na kosa. Watu walinipa miezi michache, wakasema atachoka, atashuka Dar kutafuta kazi za dukani kama wenzake. Sikushuka. Niko hapa hapa, dirisha langu linatazama matuta ya karoti, na mtandao siku hizi unanifuata mpaka kitandani.

Na nimekuwa mkaidi hata kwa wateja, hilo nakushukuru. Mmoja aliniandikia nipunguze bei kwa kuwa maisha ya huku ni rahisi. Nikamjibu kwamba masikio yangu yanachoka sawa na ya mtu wa kwao, na bei ni ile ile. Akalipa. Mwingine alitaka niseme naishi London, wateja wake wasije wakapata wasiwasi. Nilimkumbuka mtu fulani aliyeniweka dirisha la pili. Nikamwandikia kwamba naishi Lushoto, mkoa wa Tanga, na kama Lushoto inawatia watu wasiwasi atafute mwandishi mwingine. Alitafuta, na hakurudi. Mwezi ule ulikuwa mgumu, tulikula viazi mpaka tukavichukia, lakini sikujutia hata siku moja.

Nimalizie kwa habari ambayo najua hawajakupa. Juzi juzi shangazi yako alikuja kumjulia hali mama, aliyekuwa anaumwa. Tulikuwa hatujasemezana tangu posa. Alisimama mlangoni kwangu akaniangalia ninavyoandika, nikampa shikamoo, akaitikia, hakuondoka. Mwisho akasema, "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii, shangazi."

Nikamvisha hedifoni juu ya mtandio. Alisikiliza, uso umekunjamana. "Wanalia mbuzi."

"Kondoo."

"Na huyu baba anasema nini?"

Nikamweleza. Nikarudisha nyuma, nikaandika sentensi mbele yake, nikamsomea kwa Kishambaa. Akauliza kama naipeleka kwa mwenyewe, nikasema ndiyo. Akauliza kama ananilipa, nikasema ananilipa. Alivua hedifoni, akatengeneza mtandio wake, akakaa kitandani kwangu.

"Mbona hakuniambia hivi?" akasema. "Ningeelewa. Nilizungushwa ofisi kwa ofisi, watoto wadogo wananicheka, kwa sababu hakuniambia hivi."

Miaka yote nilidhani aliyeaibishwa ni mimi peke yangu. Yule mama uliyemwona hana kichwa cha kuelewa, aliyekulea mamako alipokuwa mgonjwa, alielewa kwa muda wa kuchemsha maji ya chai. Wiki iliyofuata, kwenye harusi ya jirani, wanawake walinitazama wakinong'ona, naye akawaambia kwa sauti huku akimenya ndizi, "Huyu anasikiliza watu wa mbali na kuwaandikia maneno yao. Ndiyo kazi yake." Akaendelea kumenya. Wakasogea wakanipa nafasi ya kukaa.

Umeuliza kama unaweza kuja ukipanda milimani. Barabara ni ya serikali, siwezi kukufungia. Ila kwetu usije kuposa, wala usije kueleza. Anza kwa shangazi yako, umpigie magoti kwa safari yake ile ya halmashauri, maana mimi nilijisemea mwenyewe na yeye hakuwa na wa kumsemea. Na huko uliko, siku mtu wa kwetu akikuuliza yule binti uliyetaka kumwoa anafanya kazi gani, usikohoe. Mimi niliisema kazi yangu nikiwa nimepiga goti. Wewe utashindwaje kuisema ukiwa umesimama?

Ubaki salama.

Ni mimi,
aliyekuwa mchumba wako, ambaye hajaacha kazi.