Jina Lako Limebaki Nyumbani

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu ulipotuacha, na bado tunauonea wivu mtama.

Ulikuwa mtafiti wa mbegu, na kazi yako kubwa ilikuwa kupatanisha watu juu ya majina. Jeni moja ya mtama, ile inayofupisha shina, iliitwa hivi kwenye kituo hiki na vile kwenye kituo kile, hata watafiti wakawa wanarudia kazi ya wenzao bila kujua. Ukatunga kanuni: kila jeni iitwe kwa herufi za kazi yake na namba, wala isipewe jina la mtu, awe mkubwa vipi.

Uliwabembeleza wakubwa kwa simu, chai yako ikipoa mezani. "Profesa, ndugu yangu, jeni haina ukoo," ulisema huku ukicheka. Sisi tulisubiri ukate simu. Hukuwahi kuchanganya aina mbili za mtama, lakini mimi na dada ulituita huyu kwa jina la yule, kisha ukatupapasa vichwa sote wawili ili usikosee.

Na mwanafunzi wako mrefu, yule tuliyembandika jina la Mlingoti, ulimwita "mwanangu". Siku ya mazishi alilia kutushinda. Hata machozi yake niliyaonea wivu.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani, ametumwa na kamati yako ya majina ya jeni. Wamepata jeni inayousaidia mtama kustahimili ukame, wakataka kuvunja kanuni mara moja tu, waipe jina lako. Ila kwanza familia iridhie.

Dada alikuwa tayari. "Ni heshima, Mama. Dunia nzima itamtaja."

Mama akanigeukia. "Na wewe, bubu wangu?"

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba kanuni yako inakataza. Nilijificha nyuma ya kanuni. Mama hakujificha.

"Huyo mtama alikuwa mke mwenzangu tangu niolewe," alimwambia Mlingoti. "Mume tuligawana. Jina simpi!"

Mlingoti alicheka hadi akaweka kikombe chini. Kisha akasema polepole, "Mimi niliwaonea wivu ninyi. Saa ya kutoka ikifika, Mzee aliniacha neno likiwa mdomoni. 'Wanangu wananingoja,' anasema, huyo anaondoka."

Hilo hatukulijua, Baba. Tulimjua tu mtu aliyeingia mlangoni na simu sikioni.

Jeni ile imepewa herufi na namba, kama ulivyoagiza. Jina lako tunalo sisi.

Unakumbukwa na mkeo, mabinti zako wawili, mkweo fundi umeme, mjukuu wako anayelala na kofia yako, na Mlingoti, ambaye Mama amekubali aandikwe, ila mwishoni.

Mtama hatukuuandika.

Tutakukumbuka siku zote, Baba.