Lulu Anavyohesabu Watu

Chang'ombe,
Dar es Salaam.
14 Agosti 1996

Mpendwa Dada Mwamvita,

Shikamoo. Joto la Muscat limepungua? Na mgongo wako je? Sie huku tupo, ila mama anaumwa kidogo, nitakueleza mbele, usiruke mistari.

Kwanza mwanao Lulu. Kovu la operesheni limefunikwa na nywele, kichwa kimekuwa cha duara kama cha wenzie. Ila unakumbuka daktari alivyosema: fuvu lililojifunga mapema wameshalifungua, lakini kama ubongo uliokuwa umebanwa utakua sawa, tutajua akipimwa akili akiwa na miaka minne. Mie sikungoja. Nilinunua kitabu cha malezi cha mitumba, nikakisoma mara tatu, nikaanza kumfundisha mwenyewe kwa vizibo vya soda.

Dada, Lulu anajua. Vizibo kumi na viwili, hakosei. Kuku wa jirani, hakosei. Nikanogewa, nikamfundisha kuhesabu watu. Unajua mama asivyotaka watu wahesabiwe, anasemaga ni kumwita asiyekuwepo. Mama alikuwa sokoni. Nikamuuliza Lulu, "Hapa uani tuko wangapi?"

"Watatu."

Tulikuwa wawili.

Toka hapo ikawa hivyo hivyo. Vitu sawasawa, watu anazidisha mmoja. Nikimwambia anionyeshe, anaonyesha kigoda cha mama pale mlango wa jikoni. Akipita hapo anajibana, kama anampisha mtu. Nikaona tumekwisha, daktari akiuliza hilo tu atasema ubongo haujapona.

Juzi Jumatatu tukaenda kliniki. Rangi, maumbo, vizibo, vyote kapata. Daktari akaweka kalamu chini. "Haya bi mkubwa, humu ndani tuko wangapi?"

Mie jasho. Lulu akageuka, akautazama mlango weee. "Watatu."

Daktari, mie na yeye. Sawasawa kabisa. Daktari kaandika akili inalingana na umri, Januari aanze chekechea. Karatasi nimeikunja humu ndani ya bahasha.

Nikambeba mabegani nacheka njia nzima. Nikamtania, "Na yule mwenzetu leo umemtupa?"

Akajibu taratibu tu, "Kabaki. Anamsubiri bibi."

Tulipofika, mama kakaa sakafuni, kigoda kitupu pembeni yake. Nikamwambia akalie kigoda. Akasema, "Nimwinue mgeni, Twalib, mie sina adabu?"

Homa ikampanda jioni ile. Zahanati wamesema malaria, dawa anameza, lakini haishuki.

Leo asubuhi tulikuwa chumbani kwake sie watatu, na kile kigoda alichotaka kiletwe humo. Nikamuuliza Lulu tuko wangapi, akasema watatu, nikapumua. Halafu nikaona kidole chake. Kajihesabu yeye, kanihesabu mie, kisha kakipeleka kwenye kigoda. Kitandani alipolala mama hakufika.

Omba ruhusa kwa bosi wako, dada. Wiki hii hii.

Nisalimie Zubeda na wote mnaokaa nao. Mama anakuombea, kanituma nikuandikie kwamba hajambo. Mungu akufikishe salama na akukutanishe naye.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Twalib